Daktari na Bibi Nyakundi

Ogembo, Jumatatu, 1974

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sijaenda hospitalini. Nimeomba ruhusa. Siumwi.

Jana tulikuwa harusini Ikonge. Kadi ilikuja imeandikwa "Daktari na Bibi Nyakundi." Nyakundi ni mume wangu, naye ni mwalimu wa shule ya msingi. Daktari ni mimi. Aliyeandika kadi, ami yake bwana harusi, alisikia kwamba kwetu kuna daktari, yaliyobaki akajijazia mwenyewe. Nilitaka tumjibu, tumwombe aandike "Mwalimu na Daktari Nyakundi," kila mtu apate lake.

"Mama Moraa, hiyo ni karatasi tu," mume wangu akasema.

Tukaenda. Mlangoni akaambiwa, "Daktari, karibu mbele," akaketishwa pamoja na wachungaji. Mimi nikapelekwa kwa akina mama. Kila alipoitwa daktari alitabasamu. Labda alifurahi, labda aliona haya kukanusha. Hakukanusha.

Wakati wa chakula, babu yake bibi harusi alikwamwa na nyama kooni. Watu wakaita daktari. Mume wangu akasimama, wakampisha. Nami nikakimbia kutoka upande wetu, lakini mzee mmoja wa kanisa akanizuia, tena kwa adabu.

"Mama, mwache daktari afanye kazi."

"Daktari ni mimi."

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili kwa hofu. Hakuniachia.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti, amemshika babu mkono, basi. Hakujua la kufanya. Kisha akainua uso akaniita Kerubo, jina langu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ndipo nikaachiwa. Nilimpiga babu mgongoni, nikaichokoa nyama kwa vidole, nikampulizia pumzi hadi kifua changu kikauma.

Hakuzinduka.

Leo yule ami amefika amelowa chapachapa, ameleta mkungu wa ndizi. Akamshukuru mume wangu kwa kujitahidi.

Mume wangu akaangalia sakafu. "Aliyejitahidi ni mke wangu. Daktari ni yeye. Ilinipasa kuwaambia tulipofika."

Mgeni akanigeukia. "Daktari, utusamehe."

Tangu nimalize masomo nimetamani kuitwa hivyo na watu wa kwetu. Leo nimeitwa, na sikuhisi kitu.

Sasa mume wangu yuko shambani, anachuma chai mvuani peke yake. Sijamwita ndani.

Mazishi ni Alhamisi. Tutakwenda pamoja, hilo nimeliamua. Mjane wa marehemu atanishika mkono, ataniuliza kama mzee wake angepona iwapo angefikiwa mapema. Kama daktari, jibu ninalo.

Nitalisemaje, na mume wangu amesimama kando yangu?