Finjani ya Uji

Jumatatu, 6 Machi 1972
Si vidonda vya tumbo! Mwezi mzima natapika, nikajua tumbo limenirudia. Nimekwenda hospitali mguu mzito. Sista Verdiana kanibinyabinya, akacheka peke yake. Mimba ya miezi mitatu! Mimi, niliyekatwa tumbo Dar mwaka jana, likabaki kama ngumi! Zamani nilijaza mlango. Sasa gauni langu la harusi tunaingia wawili. Mtoto atakula nini humo? Sista kasema nile kidogo kidogo, mara nyingi. Kitwana nimemwambia jikoni. Mume wangu mzima kalia, kisha akasingizia moshi.

Jumapili, 9 Aprili
Mamamkwe, Bi Mardhiya, kaniletea wali wa nazi na samaki. Mlima! Eti sasa tunakula wawili. Nitamkatalia vipi? Nikala nusu. Jasho, moyo mbio, macho giza — nikaanguka mkekani. Nilipozinduka, yeye ndiye analia. Niliona haya. Na hofu pia.

Jumanne, 11 Aprili
Mamamkwe kafungua kabati la vyombo. Katoa finjani ya kahawa, moja ya zile sita za harusi yake. Hata Kitwana hajawahi kuzinywea! Kuanzia leo nakula kwa kipimo hicho: uji, supu, mtindi, kila saa. Haba na haba hujaza kibaba, anasema. Kila saa anasema.

Alhamisi, 27 Aprili
Kaja shuleni! Nafundisha hesabu darasa la tatu, namwona dirishani na chupa ya chai na finjani yake. Darasa zima: mwalimu, kahawa yako! Nikanywa uji mbele ya watoto arobaini, wakinihesabia mafunda. Manne. Wakapiga makofi.

Alhamisi, 22 Juni
Anacheza! Mtoto, si mamamkwe. Dukani nilikiona kitambaa cheupe chenye maua ya njano, nikataka kumshonea nguo. Bi Mardhiya kakataa katakata. Mtu hajafika hanunuliwi kitu, tumwombe Mungu kwanza. Kumbe naye anaogopa.

Jumatano, 2 Agosti
Mizani haijasogea tangu mwezi jana. Sista kapima mara mbili, hakucheka. Nisipoongezeka kwa wiki mbili, nipelekwe Dar. Nimelia njia nzima. Tangu jioni finjani inakuja kila nusu saa.

Jumatano, 16 Agosti
Kilo moja na nusu!! Sista Verdiana kamkumbatia mamamkwe, msalaba wake ukanasa kwenye buibui. Ilibidi mimi mwenye tumbo niwanasue. Tumecheka mpaka wagonjwa wakatushangaa.

Ijumaa, 8 Septemba
Uchungu tangu alfajiri. Kitwana kaenda kutafuta gari. Naandika kati ya uchungu mmoja na mwingine — tumbo hili dogo limefika mpaka leo, alhamdulillahi!

Bi Mardhiya anapanga kapu. Kanga, chupa ya uji, finjani yangu. Kisha karudi kabatini, katoa finjani nyingine.

Nikamwuliza, mama, hiyo ya nani?

Anaifunga taratibu. Naye anaifungia kwenye kitambaa kipya, cheupe, cha maua ya njano. Kile kile! Alikinunua lini?

Honi nje. Kitwana anaita. Nacheka na machozi yananitoka, na uchungu huo unakuja tena —