Mlinzi wa Jengo la Kanda

Nyumba Na. 7, Safu ya Nyuma,
Kambi ya Wanamaji.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Mwambie kwamba dawa hunywewa mpaka iishe, si mpaka mgonjwa achoke nayo. Mimi ni mzima wa mwili. Nalala, nakula, na meno yaliyobaki yanafanya kazi yao.

Nakushukuru kwa kumpokea wifi yako na kumwekea kitanda karibu na dirisha. Umeniandikia kwamba daktari wa macho amempangia upasuaji Alhamisi hii, naye amekataa katakata kupasuliwa kabla sijafika. "Akae kwenye benchi hapo nje nimsikie anakohoa, ndipo waniguse." Maneno hayo ni yake kabisa, sikuhitaji kuambiwa. Daktari naye anasema akikosa nafasi hii, jicho la pili litakwenda na la kwanza.

Unauliza kwa nini mtu aliyestaafu Desemba bado yuko kambini. Swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa utaratibu.

Zamani, kila kambi ilikuwa mikononi mwa mkuu wake. Bomba likipasuka, alimwita fundi, fundi akaziba, watu wakaoga. Sasa Kamandi ya Kanda imechukua vyote vilivyo nchi kavu katika kambi zote za pwani yetu: gati, karakana, maghala, zahanati, nyumba za watumishi, hata vyoo vya uwanja wa gwaride. Mkuu wa kambi amebakiwa na meli na watu wake. Utaratibu huo una maana yake, nami niliutetea nilipokuwa msimamizi wa majengo hapa, kwa sababu kambi moja ilikuwa na karakana tupu zinazoota majani, na jirani yake ikitengeneza injini chini ya turubai. Hilo limekwisha, na ni jambo jema. Lakini Kanda iko mbali, na nyumba yangu iko hapa.

Mtumishi anayestaafu hatoi vitu vyake nje ya kambi mpaka mkaguzi wa Kanda aikague nyumba na kuipokea. Na siku ya kustaafu, maji na umeme hukatwa, ili mtu mwingine asijipenyeze. Mkaguzi alikuja Januari, wifi yako akiwa bado hapa. Alifungua bomba la jikoni, bomba likatoa upepo.

"Mzee, hapa niandike nini? Siwezi kupokea bomba ambalo sijaliona likitoa maji."

"Maji mmeyakata ninyi," nikamwambia.

"Ndiyo. Na hayarudishwi katika nyumba isiyo na mkaaji."

"Na mimi ni nani?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeangalia kiti kilichovunjika mguu. "Wewe umestaafu, mzee wangu."

Akaondoka na kalamu yake. Wifi yako akaja kwenu kwa ajili ya macho, mimi nikabaki na ndoo.

Hapo ndipo alipoingia sajini wa karakana, ambaye kambi nzima humwita Bisibisi. Ni mtu mwenye moyo mwema na papara nyingi. Aliniona nikibeba maji kutoka gatini, akaona haya kwa niaba ya jeshi zima. Akaulizia, akagundua kwamba Kanda humruhusu mtu wa aina moja tu kukaa katika nyumba isiyo na mkaaji, naye ni mlinzi wa jengo. Akanipendekeza bila kuniuliza. Kanda, ambayo haijaleta vioo vya madirisha ya zahanati tangu mwaka juzi, ikakubali kabla wiki haijaisha. Maji yakarudi, taa zikawaka. Bisibisi akaja mlangoni meno yote nje.

"Mzee wangu, umeona mambo? Oga sasa, mpaka vidole vikunjamane!"

Nikaoga. Kisha nikaketi na kuyasoma masharti. Mlinzi wa jengo haachi lindo mpaka aletwe wa kumpokea, na wa kumpokea huletwa na Kanda peke yake.

Maji ya kumwonyesha mkaguzi sasa yapo, ila mkaguzi hana sababu ya kuja. Nyumba yenye mlinzi haihesabiwi kuwa inasubiri kupokewa, inahesabiwa kuwa inalindwa. Kwa hiyo nalinda. Nalinda kitanda changu mwenyewe na viti vyangu mwenyewe. Asubuhi nakagua madirisha, halafu nakaa kibarazani nikiwatazama wenzangu wakienda kazini. Kila anayepita hunisalimu kwa adabu, na hakuna tena anayeniuliza naondoka lini. Wamenizoea kama walivyozoea nguzo ya bendera. Jambo hilo linanifunga kuliko uzio wa kambi.

Nilikwenda kwa mkuu wa kambi. Umri wake ni wa kuwa mwanangu, lakini amelelewa, kwani alisimama nilipoingia. Nikamweleza habari ya macho ya wifi yako.

"Mzee," akasema, "nikitaka sasa hivi, naamuru meli ing'oe nanga. Lakini kukutoa wewe katika nyumba ile siwezi. Wewe si wangu tena. Wewe ni wa jengo, na jengo ni la Kanda."

"Basi nipe mtu mmoja anipokee."

"Watu wangu hawaruhusiwi kulinda jengo la Kanda."

"Na Kanda wenyewe wanasemaje?"

Akashusha pumzi. "Wanasema ombi limepokelewa."

Jana Bisibisi alikuja kabla ya chakula cha mchana, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Ugua," akaniambia, hata kabla ya kuketi.

"Niugue nini?"

"Chochote, mzee! Mgongo. Nani atakupima mgongo? Gari la zahanati likutoe getini, likifika mjini wewe shuka, panda basi lako."

"Sajini, sijawahi kuugua kwa kuagizwa, na sitaanza leo."

"Basi nifanyeje mimi? Nimekufungia humu kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Ulinipa maji," nikamwambia. "Keti unywe chai."

Mdogo wangu, unanijua. Ulikuwa ukinicheka kwamba naomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Nilijaribu kumwandikia wifi yako barua ya kumsihi akubali kupasuliwa bila mimi. Nilipoisoma, kila hoja ilikuwa mahali pake, na nikaona aibu. Nimeichana.

Kwa hiyo nimeamua. Jumanne asubuhi nitafagia nyumba na kufunga madirisha. Mchana, watu wote wakiniona, nitakwenda getini, nimkabidhi askari wa zamu ufunguo, nimwambie kwamba naacha lindo bila ruhusa, na nimtajie nyumba yako endapo watanitaka. Hatanizuia. Vitu ndivyo vinavyohitaji kibali, mtu hutoka kwa miguu yake. Kanda itaniandika mtoro. Ni neno baya, mdogo wangu, na huenda nikazikwa nalo, maana ombi la kulifuta nalo litapokelewa.

Barua hii naituma kesho kwa dereva wa lori anayepita kwenu, ili initangulie. Nitafika Jumatano kabla ya giza. Daktari asiahirishe kitu.

Msalimie sana shemeji, na wapwa wangu wote, hasa yule fundi saa ambaye hajanijibu barua yangu. Mfikishie heshima zangu mama mkwe wako. Mungu awape afya na riziki, na ampe wifi yako nuru ya macho.

Mtayarishe kwa jambo moja, kwa upole. Naja na mkoba tu. Kabati, kitanda na ile cherehani yake vinabaki ndani ya jengo la Kanda. Atagomba sana. Mwache agombe, usinitetee.

Kaka yako akupendaye daima,
Kaka Mkubwa