Sukari Niliyomnyima Mama

Jumatatu, 5 Mei
Nimemwosha Mama, nimemnywesha uji wa wimbi, nikakimbilia shule kufundisha. Uji hauna sukari. Wiki ya tatu sasa. Jirani mmoja wa Ikonge alisema saratani hula sukari, nami nikaapa sitailisha hiyo iliyo kooni mwa Mama.
Kemunto amefika kutoka Nairobi. Mdogo wangu, mtafiti wa seli za saratani. Siku nne Mama hajaketi. Leo ameketi. Kwa ajili yake.

Jumatano, 7 Mei
Kemunto ameonja uji, akaweka kikombe chini. Akaanza kueleza mbele ya shangazi zetu. Seli ya kawaida huichoma sukari taratibu kwa oksijeni, ikapata nguvu nyingi. Seli nyingi za saratani huibugia na kuichoma nusunusu, hata oksijeni ikiwepo.
"Lakini ukimnyima Mama sukari, dada, hazifi njaa. Mwili utayeyusha misuli yake utengeneze sukari, nazo zitakula tu. Atakayekonda ni yeye."
Shangazi wakaitikia kwa vichwa kama wako kanisani. Miezi minane namwosha Mama. Hakuna aliyewahi kuniitikia hivyo.
Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 9 Mei
Kemunto alitia sukari na maziwa kwenye uji, akaenda Kebirigo kununua parachichi. Nikaumwaga. Nikapika mwingine, bila sukari wala maziwa.
Nilijua anasema kweli. Nimejua tangu Jumatano. Niliumwaga kwa sababu ni wake.

Jumamosi, 10 Mei
Sabato. Sikuenda kanisani. Mama amemwomba Kemunto amwimbie. Sauti ninayo mimi.

Jumatatu, 12 Mei
Hospitali, Kisii. Mama amepungua mno. Daktari ameahirisha dawa ya saratani hadi apate nguvu. Akauliza ni nani aliyepanga chakula chake. Nikaangalia sakafu.
"Ni sisi, daktari," Kemunto akasema. "Tulikosea."
Sisi! Afadhali angenitaja. Ningepata sababu ya kumchukia.

Jumanne, 13 Mei
Nimemwambia Mama yote. Hata uji niliomwaga, hata sababu. Kwa Ekegusii; Kiswahili changu cha darasani kingenipa pa kujificha.
Akasema: "Uji ulipokosa ladha, Moraa, nilidhani mmekwisha kunikatia tamaa."
Nililia. Yeye hakulia. Akaomba kikombe kingine, kitamu.
Kemunto nilimwambia jioni, jikoni. Alikasirika. Alitoka nje, akakaa huko mpaka ugali ukapoa. Nilistahili.

Jumatano, 28 Mei
Mama amepata dawa ya kwanza. Amechoka, amelala.
Mimi na Kemunto tulichambua mboga uani. Wivu bado upo, si kama juzi. Nikamuuliza: kama kuichoma sukari nusunusu ni hasara, mbona seli hizo hufanya hivyo? Sikuwa nimemuuliza kitu tangu aende chuo kikuu.
Akaacha mboga. Akasema seli hizo zina haraka ya kuzaana, na nguvu peke yake haitoshi. Zinataka vitu vya kujengea seli mpya, na sehemu ya sukari hiyo huishia huko.
"Ndivyo tunavyofikiri, dada. Mengi hatujui bado."
Hatujui. Sikutegemea neno hilo kutoka kwake.
Nikamwambia aendelee, nasikiliza.