Nguzo ya Nashihira

Nagoya, 6 Machi 1971

Dada yangu Kinue,

Hujambo, na mumeo hajambo? Kifua cha Mama kimetulia sasa baridi inapokwisha? Mimi mzima, vidole tu vyeusi kama kawaida. Figili za chumvi ulizotuma ziliisha siku ileile. Wenzangu kiwandani ni fisi.

Nina habari njema. Kile kitabu cha kumbukumbu ya bonde letu, ambacho kamati ya wanakijiji imekuwa ikikiandaa tangu bwawa litufunike, kimeletwa kuchapwa hapa kwetu. Mzee wa kiwanda amenipa mimi nipange herufi. Kila kitongoji kina sehemu yake. Yale maneno madogo yanayorudiwa juu ya kila ukurasa, ili msomaji ajue amefika wapi, sisi mafundi tunayaita nguzo. Leo nimepanga nguzo ya kwetu. Kila ukifunua, Nashihira. Unafunua tena, Nashihira.

Nyumba zenyewe ziko chini ya maji, dada, lakini jina litakaa juu. Mwambie Mama.

Mdogo wako,
Tamotsu

*

Mjini, 19 Aprili 1971

Mdogo wangu Tamotsu,

Salamu nyingi. Sisi tunaendelea, ila Mama anakohoa bado, na daktari anasema moyo nao umechoka. Unakula mboga wewe, au tambi tu?

Nilipomsomea barua yako, Mama alicheka, akanifanya niisome tena. Natamani ningeishia hapo.

Jumapili kamati ilikutana, nikaenda naye. Walipoonyeshwa kurasa za majaribio, Mzee Torakichi wa kitongoji cha Kamiori alisimama. Akasema, "Hilo jina la juu liondolewe."

Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, kila kitongoji kina lake."

"Ndani liandikeni mpendavyo, nitaruka. Lakini la juu halirukiki. Kila ukurasa linanisubiri. Nashihira ndiyo iliyotuuza."

Unajua anachosema. Baba yetu ndiye wa kwanza kugonga muhuri wa kukubali bwawa, na baada yake wengine wakalegea. Mashamba yakaenda, mwanawe Susumu akakosa kazi, akaenda kuchimba handaki la bwawa hilohilo, mwamba ukamwangukia akafa. Nani angembishia mzee yule? Waliamua kurasa zetu ziwekwe chini ya jina la Kamiori.

Nikarudi na Mama nyumbani. Nilipomvua viatu mlangoni alisema tu, "Baba yako alidhani anatuokoa na theluji iliyotufukia kule bondeni kila mwaka."

Dada yako,
Kinue

*

Nagoya, 2 Mei 1971

Dada,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sikulala vizuri.

Barua ya kamati imefika. Mzee wa kiwanda ananiambia, "Kitabu ni chao, Tamotsu. Wewe panga." Nimempangia vitabu miaka tisa bila kubisha, lakini hili siwezi. Kuweka Kamiori juu ya picha ya nyumba yetu ni kumdanganya mtu atakayekisoma sisi tukiwa tumekwisha kufa. Nimemwomba kitu kimoja tu: kurasa zetu zisiwe na nguzo kabisa. Pale juu pabaki peupe. Amesema kamati ikikubali, naye hana neno.

Kawaulize. Lakini muulize Mama kwanza. Akisema hapana, nitapanga Kamiori na kunyamaza.

Tamotsu

*

Mjini, 23 Julai 1971

Mdogo wangu,

Shikamoo za watoto wangu zipokee. Joto la huku ni la kuchemsha ubongo. Mama amedhoofika, sitakuficha.

Kamati ilikubali peupe, kama ulivyosikia. Mama alisema, "Mwacheni Torakichi. Mimi nilizaa wawili na wote wawili wananiandikia na kunipikia. Yeye anapika chai ya kumwekea mwanawe mbele ya picha."

Vitabu vimefika. Vizuri sana, Tamotsu. Watu wanavibeba kama watoto wachanga. Mama alipofika kurasa zetu alipapasa pale juu kwa kidole. Kisha akaomba kalamu. Akaandika Nashihira, kwa mwandiko wake wa kwenda upande, akapumzika, akaandika ukurasa wa pili. Nikamwambia, "Mama, nikusaidie?" Akanijibu, "Wewe kapike. Nina kazi."

Njoo sikukuu ya wafu mwezi ujao. Usingoje nafasi ya kazi. Anakuulizia.

Dada yako,
Kinue

*

Mjini, 10 Oktoba 1971

Mdogo wangu,

Ulifika salama? Tangu uondoke baada ya mazishi ya Mama sijapata neno lako, nami sikulaumu. Treni yako ilimkosa kwa siku moja tu. Siku moja si kosa la mtu. Usijitese moyo.

Jana tulifanya ibada ya siku ya arobaini na tisa. Wageni walipoondoka, Mzee Torakichi alikuja peke yake. Alifukiza ubani mbele ya picha ya Mama. Halafu akafungua kitambaa, akatoa kitabu chake.

"Kinue, niandikie jina pale juu. Mkono wangu unatetemeka."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilifikiri lisipokuwapo nitapumzika," akasema. "Wapi! Vitongoji vyote vina majina, nikifika kwenu ni peupe, na pale peupe pananitazama. Jina ningelizoea. Peupe siwezi kupazoea."

Nikamuuliza, Tamotsu, sikuweza kujizuia: "Kwa nini hukuja mwezi wa saba, babu? Angekusikia."

Akainama. "Mwezi wa saba nilikuwa bado na hasira."

Nikamtilia chai. Amekiacha kitabu. Nimekishika mara kadhaa na kalamu mkononi, nikakirudisha. Kuna kitu ndani yangu hakitaki kumpa. Niambie la kufanya.

Kinue

*

Nagoya, 17 Oktoba 1971

Dada yangu,

Nimefika, nipo, nafanya kazi. Nisamehe ukimya.

Nitumie kitabu cha mzee. Herufi zetu zilikwisha kurudishwa kwenye visanduku, lakini ni herufi za risasi zilezile, nitazipanga upya. Nitapiga jina kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, jioni kiwanda kikifungwa. Mzee wa kiwanda amesema wino ni juu yake. Ukimrudishia Torakichi, usiseme lolote gumu. Mpe tu, na umtilie chai tena. Alimzika mwana, nasi tumemzika mama.

Umeniambia kalamu uliishika. Basi nina ombi kuhusu kitabu cha Mama. Usikimalizie, wala mimi usinitumie. Nilikiona siku ya mazishi kando ya mto wake wa kulalia. Herufi zinaanza kubwa, zinapungua, ukurasa wa mwisho aliofikia ameandika "Nashi" akaishia hapo. Kurasa zinazofuata ziache nyeupe.

Mdogo wako,
Tamotsu