Heshima Yangu Ilivyozua Vita Pale Drifti

Jumanne. Jua la kukaanga njugu, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nina hasira na ninacheka, vyote pamoja, na katika umri wangu hiyo si afya.

Wacha nianze na ufunguo.

Ufunguo wa pikapu yangu uko hatarini. Binti yangu Mwende, ambaye ni mwalimu, ameapa kwamba nikitusi dereva mmoja zaidi, ufunguo anauchukua, na mimi nitakuwa wa kungojea kubebwa kama gunia la makaa. Pikapu ni yangu, lakini bima analipa yeye, na siku hizi mwenye bima ndiye mwenye gari.

Haya yote yalitoka Kambu, wiki jana. Gari dogo lilinikata pale barabara kuu. Nikalifuata mpaka liliposimama, nikateremsha kioo, nikamwambia mwenyewe kwamba uso wake unafanana na kiatu kilicholaliwa na ng'ombe. Mwende alikuwa ameketi kando yangu. Niliona anajikunja, anatafuta pa kuingia chini ya kiti. Kumbe yule ndiye mwalimu wake mkuu.

Sikujua. Lakini hata ningejua, kiatu ni kiatu.

Sikuzaliwa na huu mdomo, jamani. Barabara ndiyo ilinipa. Ukiweka indiketa ya kuingia kulia, yule wa nyuma anadhani unamwomba ruhusa, naye anakunyima. Ukienda polepole wanakupigia honi kama wanafukuza nyani shambani. Mwenye basi anakumulikia taa kubwa mchana kweupe, uingie kwenye miiba yeye apite na haraka zake. Ukimpisha, hata mkono hainui. Nimeendesha tangu nilipokuwa na nywele, na walioniinulia mkono nawakumbuka kwa sura, maana ni wachache.

Basi leo, kwa sababu ya ufunguo, nikasema nijaribu heshima. Siku moja tu, nione inaonjekaje.

Mama Mwende alikuja nami kama shahidi, akishikilia kikapu magotini. Tulikuwa tunapeleka ndengu soko la Matiliku. Njiani bodaboda mmoja alinipita kwa upande wa kushoto, abiria wawili na mbuzi mmoja. Nikanyamaza. Mwingine akanitemea vumbi kwenye kioo. Nikanyamaza tena. Matusi yakikosa mlango yanaoza ndani.

Tukafika drifti.

Kwa wasiojua kwetu, drifti ni ile sakafu ya simiti iliyolazwa juu ya mto wa mchanga. Yetu inatosha gari moja. Hakuna taa, hakuna askari. Nani apite kwanza inaamuliwa na ukubwa wa gari na ukubwa wa mdomo. Kwa gari nashindwa, kwa mdomo sijawahi kushindwa.

Ng'ambo kulikuwa na lori la viazi kutoka Nyandarua. Dereva alikuwa mtu mzima, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Nikaweka pikapu kando, magurudumu mawili kwenye nyasi. Nikamwashia taa aje. Akaja. Alipokuwa katikati ya drifti nikatoa kichwa na mkono, nikasema kwa sauti tamu kama ya mtu anayeomba kura:

"Pita, mutumia!"

Ningeweza kusema "mzee". Lakini hilo neno wameliharibu. Manamba wa matatu wanasema "mzee, kando!" na askari wanasema "mzee, leta leseni!" Mimi nilitaka heshima yenyewe, ile ya nyumbani. Kwetu Ukambani mutumia ni mtu mzima mwenye kauli, anayekaa na wenzake kuamua mambo. Hakuna cheo ningempa kikubwa kuliko hicho.

Lori likasimama. Katikati ya drifti.

Akateremka. Mtu mrefu huyo, anateremka kama ngazi.

"Umeniita nini?"

Nikadhani hakusikia vizuri, na heshima ikisemwa mara mbili inaongezeka. "Mutumia," nikasema.

"Rudia!"

"Mutumia! Mutumia kamili! Hata hizo ndevu zako, nilipoziona tu nikajua huyu ni mutumia."

Wale waliokuwa wamepanda juu ya magunia yake walianza kuanguka kwa kicheko. Yeye alipiga boneti yangu kwa kiganja, pa! Akasema nishuke anionyeshe yeye ni nani. Nyuma yake magari yalikuwa yamejipanga, honi kila aina. Mwenye gari la mbuzi kutoka Mwingi, Mwislamu mmoja mtaratibu ambaye nampita kila siku ya soko tukasalimiana, alitoa kichwa akapaaza sauti: "Wazee wangu, mbuzi wanakufa na jua! Piganeni kwa zamu!" Mwingine akasema tusukumwe mtoni sisi wote wawili.

Na mimi nilikuwa nimeshangaa kweli. Nimetukana watu maisha yangu yote na wengi wakacheka. Leo nimemheshimu mmoja, anataka kuning'oa meno yaliyobaki.

Nikageuka kwa Mama Mwende. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika.

Huyu mwanamke, kabla sijamwoa, alichuma kahawa Thika. Kikikuyu anakijua kama njia ya kisimani. Akainama kwenye dirisha, akamwambia yule bwana maneno marefu, kwa upole. Nikaona ndevu zinatulia. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba Mwende, kwao Wakikuyu mutumia ni mwanamke. Mwanamke aliyeolewa."

Kumbe nilikuwa nimemwambia: ndevu zako zinaonyesha wewe ni mke wa mtu. Hiyo ndiyo heshima niliyompa mbele ya watu wake.

"Na ulikuwa unajua tangu nianze?"

"Tangu neno la kwanza," akasema. "Nilitaka uone vile wengine huona ukiwatukana."

Hapo mambo yangeisha vizuri. Mimi nilikuwa tayari hata kumpa mkono. Lakini yule bwana alikuwa ameshachekwa na watu wake, na mtu aliyechekwa lazima aibu yake aitue kwa mwingine. Akapanda lori, akakaa, akaniangalia kutoka huko juu.

"Siku ingine ongea Kiswahili, mshamba wewe. Na hiki kibati chako ukitoe barabarani, ni cha kubebea kuku waliokufa."

Akatema mate. Yalitua kwenye kioo changu.

Mama Mwende akanishika goti. Nilisikia kabisa mkono wake ukisema hapana. Nikakumbuka ufunguo. Nikakumbuka Mwende chini ya kiti.

Nikatoa kichwa, nikatabasamu na meno yote ninayomiliki, nikasema taratibu, kwa ile ile sauti tamu:

"Haya basi. Pita, mutumia."

Mara ya kwanza nilikuwa malaika. Mara ya pili nilijua ninachofanya.

Na angefanya nini? Mke wangu alikuwa ametoka kumweleza mbele ya kila mtu kwamba ni neno la heshima. Macho yalimtoka. Honi zilikuwa zinamsukuma kwa nyuma. Akaondoa lori, na aliponifikia akanyoosha kidole: "Kila siku ya soko niko hapa. Tutapatana."

Tukavuka. Tukapanda kilima cha ng'ambo. Kisha Mama Mwende akasema, macho mbele, "Endesha, mutumia."

Sikujua ameniita kwa lugha gani. Na kuuliza niliogopa.

Jioni Mwende amepiga simu. Mama yake akanipa mimi, eti nijisemee.

"Baba, leo umetukana mtu?"

"Nimempisha mwenye lori pale drifti," nikasema. "Na nikamwita mzee. Kwa Kikamba."

Si uongo. Andika kila neno kwenye karatasi, hutapata uongo. Mwende hasomi hii blogu, anasema sarufi yangu inamuumiza kichwa, kwa hivyo naweza kuongeza hapa kwamba haikuwa kweli pia.

Alifurahi mpaka nikaona haya. Akasema ufunguo nibaki nao. Akasema tena shule zimefungwa, na kwa vile nimebadilika, siku ya soko ijayo atanipa watoto wake wote watatu niwapeleke Matiliku kununua viatu. Mama Mwende alicheka jikoni, peke yake.

Wale watoto wanashika maneno kama gundi. Wakisikia kitu saa nne, saa tano wanamwambia mama yao na sauti yenyewe.

Drifti ni moja. Lori litatoka upande ule na mimi upande huu, hao watatu wamebanana kando yangu, masikio wazi. Kumpisha nitampisha. Taa nitamwashia.

Lakini akiteremsha kioo kwanza, huu mdomo nitauweka wapi?