Kaka, Ulisema Unakuja

Mpendwa kaka Amba,

Wenzako wa kundi la magari wameniomba niandike maneno machache juu yako, wayasome siku watakayokutangaza kuwa mlezi wao. Wanasema hata kama umehamia Mbeya, bila wewe kundi lisingekuwepo. Wamenichagua mie kwa sababu nilikuwepo tangu mwanzo. Nimekaa na ombi lao siku nne, nikaandika na kuchana. Haya ndiyo yaliyobaki. Nakuandikia wewe, lakini nitawapa na wao waisome barua hii kama ilivyo.

Unakumbuka gari lilivyoingia uani kwetu Gongo la Mboto? Lilivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga, halina injini wala viti. Kuku walilala humo wiki nzima, mama akamuuliza baba kama ameleta gari au banda. Baba alikuwa ametoka kustaafu karakana, hana pa kuipeleka mikono yake, akacheka tu. Tukalijenga watu watatu. Injini mliyoipata ilikuwa ya gari kubwa, haikutosha, ikabidi boneti ikatwe tundu ipate kutokeza kichwa. Nyuma mkaweka matairi mapana kama ya trekta. Siku lilipowaka, jirani alikuja mbio kuuliza nani amefungua mashine ya kusaga.

Mie nilikuwa na miaka kumi na sita, kazi yangu kushika tochi na kutoa spana. Baba hakutufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anatuita tuinamishe vichwa kwenye injini inayonguruma, tufumbe macho, tuseme tunasikia nini. "Gari linasema kabla halijafa," alikuwa akituambia. "Nyie tu ndio hamsikilizi."

Kisha ukawapata wenzako: wa Temeke, wa Mbagala, wa Tegeta, kila mmoja na gari lake kuukuu alilolitia injini isiyo yake. Mlianza magari sita. Watu waliwaona Jumapili mkipita kwa kelele na rangi, wakadhani ni maringo. Hawakujua kwamba kila safari magari mawili au matatu yanakufa njiani, na kwamba nusu ya starehe yenu ilikuwa kusimama juani mkigombana kuhusu plagi. Wewe ndiye uliyeweka sharti kwamba mmoja akisimama, wote wanasimama. Ukaandika kwenye kioo cha nyuma cha gari lako, ulilojijengea baada ya lile letu: Hatuachani njiani.

Nilikuwa nawe Bunju ile siku ya mvua, gari la yule mwalimu wa sekondari lilipokatika waya wa klachi. Ulilala matopeni na suruali ya kanisani. Ulikaa chini ya lile gari saa nzima, unaomba koleo, unaomba kitambaa, na ulipotoka ulikuwa umejaa matope mpaka masikioni, unacheka. Yule mwalimu alikushukuru akikufuta matope kwa leso yake. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakutazama kwa pembeni nikijisemea kwamba hakuna mtu mwenye kaka kama wangu. Sikuwahi kukwambia. Nakwambia leo, wakati neno hilo halina faida kwako wala kwangu.

Sasa ile Jumamosi.

Ilikuwa harusi ya yule mfanyabiashara mliyemwita Bosi, aliyejiunga nanyi na gari alilolinunua likiwa limeshajengwa, hata boneti hajui kuifungua. Ukumbi ulikuwa Ukonga, kwa hiyo ulikuja kulala nyumbani Ijumaa. Asubuhi ulimwamkia baba, mkanywa chai pamoja, akakusindikiza mpaka getini akilisikiliza gari lako likiondoka. Mama naye alikwenda kwenye kikundi chao cha akina mama. Nikabaki mie na baba.

Saa saba mchana kikombe kilimponyoka. Nilipotoka jikoni alikuwa amekaa kitini vilevile, lakini mdomo umeenda upande na mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Nilimbeba nusu, nikamburuta nusu, nikamweka kwenye gari letu, lile tulilolijenga. Nilijua kuliendesha kuliko yeyote isipokuwa ninyi wawili. Nikampigia mama tukutane hospitali. Hatujafika Ukonga gari likakata, si kwa kuchemsha, lilikata tu kama mtu aliyezima taa.

Ulipokea simu ilipoita mara ya kwanza. Nyuma yako nilisikia tarumbeta. Nilikueleza yote: baba, mdomo, mkono, gari, tulipo. Nakumbuka ulivyonijibu neno kwa neno, maana nimelirudia mara nyingi kuliko sala.

"Usiguse kitu, na usikubali mtu yeyote akuvute. Dakika tano nipo hapo."

Nilikuamini, kaka. Hilo ndilo linalonitafuna. Dereva wa bajaji alisimama, akachungulia ndani, akaniambia, "Sista, mpakie mzee tumuwahishe." Nikamshukuru, nikamwambia kaka yangu anakuja. Akauliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika, yuko hapo Ukonga tu. Akaondoka taratibu, anageuka kutazama.

Baba alikuwa anahangaika. Mkono wake mzima ulikuwa unaonyesha nyuma, chini ya kiti, na mdomo wake unatoa sauti moja tu: pu, pu, pu. Nilidhani anataka kutema. Nikamfuta mate kwa kanga. Akaurudisha mkono palepale. Nikamshika nikamwambia atulie, Amba anakuja. Nikakupigia tena, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga mara nne zaidi. Zilipita dakika arobaini.

Aliyesimama ni Bakari, mchonga vinyago wa Mwenge, yule wa Newala mwenye gari la rangi ya chungwa na usukani wa mpingo aliouchonga mwenyewe. Alikuwa upande wa pili wa barabara, ametoka harusini mapema kumrudisha shangazi yake. Hakuuliza kitu. Tukamhamishia baba kwenye gari lake, na yule shangazi, na gauni lake la sherehe, akabaki peke yake juani kulinda gari letu. Njiani nilimwambia Bakari akupigie, huenda uko njiani unatutafuta.

"Amba?" akasema. "Mie nimemwacha ukumbini sasa hivi. Gari la Bosi limechemsha mbele ya wapiga picha, naye ndiye analimwagia maji."

Alisema bila ubaya. Kisha akaniona uso, akaongeza mwendo mpaka hospitali.

Daktari aliniuliza ilianza saa ngapi. Nilipomjibu akaandika, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Mngewahi kidogo." Baba aliishi miezi kumi na moja baada ya hapo, na hatukusikia neno lingine kutoka kwake.

Jioni ile Bakari alirudi kulichukua gari. Akainama chini ya kiti cha nyuma akakuta waya wa pampu ya mafuta umechomoka. Aliusukuma kwa kidole kimoja, likawaka. Pu, pu. Pampu. Baba alikuwa amelisikia gari, kaka, na nusu ya mwili wake imekufa. Mie niliyekuwa na mikono miwili mizima nilikuwa namfuta mate.

Ulifika hospitali saa kumi na moja jioni. Mama alikuuliza ulikuwa wapi. Kabla hujafungua mdomo nilisema nilikupigia sana, simu yako ilikuwa imezimwa. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani niliona mama ameshapoteza mmoja siku ile, nikaogopa apoteze wa pili. Ulinitazama, ukatazama sakafu, ukaupokea uongo wangu. Nilikungojea ukutani nje ya wodi, nikidhani utakuja uniambie japo neno moja. Ulipita ukaenda kutafuta maji ya kunywa.

Msibani magari yenu yalijipanga toka getini mpaka barabara kubwa. Mliwasha injini zote kwa pamoja kumuaga fundi. Mzee mmoja wa kundi alishika kipaza sauti akasema familia hii haijawahi kumwacha mtu njiani, na watu wakapanga mstari kukupa mkono. Nilikusikia ukiwajibu, "Sie tumefundishwa na mzee." Nilikwenda nyuma ya jiko nikaanza kuosha sahani zilizokuwa safi. Bakari alinifuata. Alichukua kitambaa akawa anakausha.

Mwaka huo ukahamia Mbeya. Krismasi mbili zimepita. Unatuma salamu kwenye kundi, unawaelekeza watu kwa simu namna ya kufunga rejeta, unapokea kila anayepiga. Mie hunipigii, nami sikupigii.

Mwezi uliopita nilikuwa namchambulia mama mchicha, akaanza tena yale ya kila siku, kwamba nikutafute, ndugu hawakai hivi, kaka yako alipatwa tu na bahati mbaya ya simu. Nikachoka. Nikamwambia yote, kuanzia tarumbeta mpaka dakika arobaini. Nilitegemea alie. Mama aliendelea kuchambua.

Kisha akasema kwamba siku ileile, akiwa kwenye benchi la hospitali, jirani alimwonyesha picha za harusi kwenye simu. Alikuona umepiga magoti mbele ya gari la Bosi, umeshika kidumu, unacheka. Akalijua shati.

"Nililipiga pasi asubuhi ileile," mama alisema. "Nikajiambia picha ni ya siku nyingine. Nawe uliposema simu imezimwa, nikashukuru."

Kwa hiyo tulikudanganyia wote wawili, kila mmoja akimficha mwenzake, tumekula meza moja miaka hii tukikulinda mbele ya mtu aliyekuwa anajua. Na wewe uliyelindwa uko mbali, huna hata habari ya kazi tuliyokufanyia. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa naongeza uongo wa tatu. Sijakusamehe. Sitaki uniombe radhi kwa simu wala uandike kwenye kundi. Nataka uje ukae mbele ya mama, useme kwa mdomo wako ulikuwa wapi, na kwa nini gari la mtu asiyejua hata kufungua boneti lilikuwa zito kuliko baba. Pengine una jibu. Mie nimelitafuta sijaliona.

Sitajifanya msafi, kaka. Jumapili iliyopita nilikuwa narudi kutoka Bagamoyo na gari la baba. Nilipoipita Bunju nikaona moja ya magari yenu limesimama pembeni, boneti juu, na mzee yule aliyeshika kipaza sauti msibani amesimama mbele yake ananipungia mikono miwili. Alilijua gari. Nilipunguza mwendo mpaka nikamwona kijasho usoni. Halafu nikakanyaga mafuta nikapita. Nilisikia raha, sikufichi. Ilidumu mpaka Tegeta.

Nikageuza. Nilipofika kwake nilikuta wenzake watatu wameshafika, gari limeshawaka, wanafunga boneti. Hakuna aliyenihitaji. Yule mzee alinijia dirishani, nikamwamkia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili yenye oili.

"Nilijua tu, mwanangu," akasema. "Niliwaambia hawa, yule ni damu ya mzee wetu, ameenda kutafuta pa kugeuzia."

Nikasema ndiyo. Nikamwacha anishukuru mpaka akamaliza.

Kaa salama huko kwenye baridi. Mama anakusalimu, mie bado.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Sekela