Kinu cha Mama Zaituni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Baba umfikishie shikamoo yake, hata kama bado amenuna. Goti lako linasemaje na hiyo baridi ya Mjimwema? Huku ng'ambo ya Nakapanya jua bado linachoma. Mimi mzima, ila mikono inawaka pilipili, na machozi yanayonitoka hayahusiani na kuwakumbuka. Basi, kidogo yanahusiana.

Nakuandikia kwa sababu simu hushika juu ya kichuguu tu, na pale kila mtu anasikiliza. Najua mnataka jibu. Baba mdogo ameniwekea nafasi kwenye duka lake la pembejeo hapo mjini na hawezi kusubiri kupita Jumapili. Nawe umesema kitanda changu kimetandikwa, hata mdogo wangu Oliva hujamruhusu kukilalia. Nimeanza barua hii, nikainuka, nikazunguka nyumba, nikarudi. Siku hizi siwezi kutulia mahali pamoja.

Nilipomaliza chuo cha wanyamapori nilidhani mafunzo kwa vitendo ni kupanda gari la wazi na darubini shingoni. Mama, mimi nasaga pilipili. Tunaichanganya na oili chafu, tunapaka kamba, tunazungushia mashamba ili tembo wakinusa wageuke. Mvua ikinyesha tunapaka upya. Baba husema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka mgongo umesahau kunyooka. Tena tunasaga kwa mawe, maana hakuna mwanamke kijijini anayekubali kutuazima kinu. Kikishatwangiwa pilipili nyingi namna ile, hakirudi tena kwa kisamvu wala mahindi. Siwalaumu. Hata wewe usingenipa chako.

Kwa kwenda pole pole hivyo, kamba ikaishia mpakani mwa shamba la Mama Zaituni, mjane ninayekaa kwake. "Kesho tutafika kwako," nikamwambia. Tembo wakaja jioni ile ile, jua halijazama. Walifuata kamba wakinusa, na ilipokwisha wakaingia. Niliwaona wazi, wakubwa na watoto wao, wale wale niliosomea kuwalinda, wakila chakula cha mtu anayenilisha. Tulipiga madebe mpaka wakaondoka. Nusu ya mahindi yalikuwa chini. Mama Zaituni akaanza kuokota mahindi yaliyovunjwa, na mimi ningeona afadhali anitukane. Nikaingia ndani nikafunga begi.

Asubuhi nikamkuta mlangoni na kinu chake, kile alichoachiwa na mama yake.

"Twanga," akasema.

"Mama Zaituni, kitaharibika."

"Mahindi ndiyo yameharibika. Hiki ni mti tu." Halafu, kwa kuwa Myao hawezi kumwacha mtani wake Mngoni apumue, akaongeza: "Babu zenu walitujia na mikuki. Wewe umekuja na pilipili. Afadhali."

Tukacheka huku tunalia, vitenge puani, tukipokezana mchi. Sasa kamba imezunguka kwake, na ile nusu iliyobaki bado imesimama. Lakini jirani yake anayefuata hana kamba, na mimi kila tawi likivunjika nashtuka.

Mama, siji. Nimeliandika upesi kabla sijainuka tena. Niombee radhi kwa Baba mdogo, nafasi ampe mwingine. Sijui kama nitaajiriwa, na hilo linaninyima usingizi. Ila kuondoka sasa, nikiacha kinu kile nyuma yangu, nimejaribu na nimeshindwa.

Nisalimie Bibi wa Peramiho, mwambie rozari yake ninayo shingoni. Nisalimie shangazi na wanajumuiya wote. Baba mwambie nampenda hata akinuna mwaka mzima. Na Oliva mpe kitanda changu, asilale tena chini.

Mwanao anayenuka oili chafu,
Editha